Limited au jina la biashara: deni ni la nani?

Kariakoo mzigo mwingi hutoka kwa mali kauli: mteja anachukua leo, analipa akishauza, na dhamana yake ni watu wanaomfahamu. Ukimwambia mwenye duka aanze kumtafuta mteja huyo BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni na majina ya biashara, ataona unamchelewesha. Ana hoja. Cheti cha usajili hakielezi kama mtu hulipa kwa wakati, na matapeli nao wana vyeti na mihuri.

Hata hivyo, usajili hujibu swali ambalo kufahamiana hakujibu: mambo yakiharibika, anayedaiwa ni nani? Aliyesajili jina la biashara hatenganishwi na biashara yake. Duka likianguka, gari na kiwanja chake vinaweza kukamatwa kwa amri ya mahakama. Kampuni iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 ina nafsi yake kisheria, mali yake na madeni yake. Msingi huo ulithibitishwa na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza mwaka 1897, katika kesi ya mtengenezaji viatu Aron Salomon, na mahakama zetu zinaufuata hadi leo. Kampuni yenye ukomo wa hisa, yaani "Limited", ikifilisika, mwanahisa aliyemaliza kulipia hisa zake kwa kawaida hadaiwi zaidi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoliona neno "Limited" kuwa cheo cha uaminifu. Kwa anayekopesha mzigo, mama mwenye jina la biashara na kiwanja chake Mbagala anaweza kuwa mdaiwa salama kuliko Limited yenye ofisi ya kupanga Posta na akaunti tupu. Limited hiyo uiuzie, ila mkurugenzi aandike dhamana yake binafsi, kwamba kampuni ikishindwa atalipa mwenyewe. Akikataa, alipe taslimu.

Tena usajili si leseni. Mwaka 2009 viongozi wa DECI, mpango wa upatu ambako watu walipanda "mbegu" wakitarajia kuvuna zaidi, walishtakiwa kwa kupokea amana za umma bila leseni. Kazi hiyo inahitaji kibali cha Benki Kuu, hata cheti cha BRELA kikiwa halali kabisa.

BRELA yenyewe ni ya Bara. Kampuni ya Zanzibar itafute BPRA, wakala wa usajili wa huko. Picha ya cheti kwenye simu haitoshi. Omba upekuzi wa kumbukumbu, soma majina ya wakurugenzi, uone kama anayetia saini yumo au ameidhinishwa na bodi. Kwa mzigo wa laki mbili nisingemsumbua mtu. Kwa wa milioni hamsini, ningesubiri majibu ya upekuzi hata dereva wa fuso akilalamika.