Ndege za Sitahani: Rubani Hakosei Peke Yake

Njia ya kurukia ndege ya uwanja wa Kigoma inakaribia kilomita mbili, na haijawahi kusogea. Manowari ya Marekani ya kubebea ndege, ya daraja la Nimitz, ina urefu wa mita 333 kwa jumla. Eneo lake la kutulia ndege ni mita 240 hivi, nalo linatembea, linapanda, linashuka, linalala ubavu. Ndege ya kivita ya F/A-18 inaliendea kwa karibu kilomita 250 kwa saa, na ikishagusa sitaha inatakiwa iwe imesimama ndani ya mita 100 hivi. Sekunde mbili, tatu.

Aliyewahi kushuka MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, usiku kwenye kituo kisicho na gati anajua ugumu wenyewe ulipo. Meli inasimama mbali na ufuko, boti zinakuja ubavuni, wimbi linainua boti huku meli inashuka, na mwenye mtoto au gunia la dagaa anangoja mdundo ukae sawa ndipo avuke. Tofauti ni kwamba boti inaweza kungoja. Ndege ya kivita haisimami hewani (F-35B inayotua wima ni habari nyingine), na kila mzunguko wa ziada unakula mafuta.

Video za ndege hizi zikipita kwenye simu, iwe Mwanga au Ujiji mjini Kigoma, mabishano huwa yale yale. Upande mmoja unasema hiyo ni kazi ya roho mkononi, nusu ujuzi nusu bahati. Wa pili unajibu kuwa mambo hayo yalikuwa ya zamani, siku hizi kompyuta inatua yenyewe na rubani ni abiria. Kila upande una ushahidi wake. Kasoro ni kwamba wote wawili wanamtazama rubani, wakati sehemu kubwa ya hatari iliyobaki iko chini ya sitaha na mikononi mwa mabaharia ambao hakuna anayewapiga picha.

Wa kwanza wana historia upande wao. Mwingereza Edwin Dunning alitua juu ya meli ya HMS Furious iliyokuwa ikitembea, tarehe 2 Agosti 1917. Siku tano baadaye alijaribu tena, akafa. Hata baada ya kuja waya za kunasa, zinazotandazwa sitahani kukamata ndoano ya mkiani mwa ndege, sitaha ilikuwa imenyooka kufuata meli, kwa hiyo ndege ikizikosa waya ilikuwa inaelekea kwenye ndege zilizoegeshwa mbele. Mwaka 1954 pekee, jeshi la majini la Marekani na kikosi chake cha Marines lilipoteza ndege 776 na watu 535, ingawa nyingine zilianguka nchi kavu.

Dawa ilitoka Uingereza, nayo ni rahisi ukishaiona: eneo la kutulia likageuzwa mshazari, nyuzi 9 hivi kutoka mstari wa meli. Anayezikosa waya ana bahari tupu mbele yake, anaruka tena. Ndiyo maana rubani hupandisha nguvu ya injini hadi mwisho wakati magurudumu yanagusa, jambo linalomshangaza kila anayeliona mara ya kwanza. Akisubiri kuhakikisha kwamba ndoano ya mkiani imenasa, na kumbe haijanasa, sitaha itaisha kabla injini haijapata nguvu.

Kabla ya hapo ameshuka kwa mteremko wa nyuzi 3.5 akiangalia mambo matatu: taa, mstari wa katikati, na pembe ya ndege dhidi ya hewa inayoijia. Taa ya lenzi iko ubavuni mwa sitaha. Ukiwa sawa, mwanga wa njano unakaa katikati ya safu ya taa za kijani. Mwanga ukipanda juu ya safu, uko juu mno. Mwanga ukishuka na kuwa mwekundu, ongeza nguvu haraka. Ndoano inapita mita nne hivi juu ya ukingo wa nyuma wa meli. Mita nne hizo ndizo bahari iliyochafuka inazozila.

Upande wa kompyuta nao hausemi uongo. Tangu 2016 marubani wa F/A-18 wamekuwa na mfumo unaoshika mteremko wenyewe, na masahihisho yaliyokuwa mamia ndani ya sekunde 18 za mwisho yamebaki machache. Lakini mfumo ni lazima uwashwe. Tarehe 24 Januari 2022, F-35C ilikuwa inarudi USS Carl Vinson kwenye Bahari ya Kusini ya China. Rubani alichagua mzunguko wa haraka ambao hakuwa ameufanya kabla, na katika shughuli hizo hakuwasha msaada wa kutua. Nguvu ya injini ikawa chini, akagundua akiwa amechelewa, ndege ikagonga ukingo wa nyuma, ikateleza juu ya sitaha na kuzama. Watu saba waliumia. Mtu anaweza kumlaumu, na uchunguzi ulitaja kosa lake. Mimi naona la zaidi: mashine ikishazoeleka, siku isipokuwepo ni siku ya hatari kuliko enzi ambazo haikuwepo kabisa.

Sasa tushuke chini ya sitaha. Waya unaoonekana juu una unene wa sentimita 3.5 hivi. Unaendelea chini kupitia kapi hadi kwenye mashine ya kunasia: ndege inapouvuta, pistoni inasukuma majimaji yapite kwenye vali, na vali ndiyo breki. Uwazi wake hupangwa kwa uzito wa ndege inayokuja. Ukipangwa kwa ndege nyepesi, ndege nzito inafika mwisho wa waya ikiwa bado na kasi. Ukipangwa kwa nzito, nyepesi inakatwa kasi ghafla mno, ndoano au waya unaweza kuachia.

Tarehe 18 Machi 2016, juu ya USS Dwight D. Eisenhower, ndege ya rada ya E-2C ilinasa waya vizuri kabisa. Waya ukakatika ndege ikiwa karibu kusimama. Ilianguka ukingoni, ikapotea machoni, kisha ikaonekana ikipanda kutoka karibu na maji. Nyuma yake waya ulifyeka sitaha na kuumiza mabaharia wanane. Yeyote aliyefanya kazi na winchi bandarini anajua waya wa chuma ukikatika ukiwa umevutwa hauanguki, unarudi. Uchunguzi ulikuta hatua ya matengenezo ya mashine ya kunasia ilirukwa. Rubani hakuwa na kosa lolote. Ndiyo sababu waya wa juu hukaguliwa kila baada ya kunasa na hutupwa baada ya mara mia moja na kitu, hata ukionekana mzima.

Kwenye manowari ya Admiral Kuznetsov ya Urusi, Novemba 2016, waya zilipata hitilafu ndege ya kivita ya MiG-29K ikiwa hewani. Ikangoja zitengenezwe, injini zikazima, ikaanguka baharini. Hapo hapakuwa na kutua kubaya. Hapakuwa na kutua kabisa.

Kuruka kunaonekana kwepesi, lakini ndiko rubani ana usemi mdogo zaidi. Manati ya mvuke yanayoirusha ndege kutoka sitahani yana urefu wa mita 94 na yanaifikisha ndege kilomita 265 kwa saa ndani ya sekunde mbili hivi. Baharia anainua ubao wenye uzito wa ndege, rubani anaukubali, na mvuke unapangwa kwa namba hiyo. Namba ikiwa ndogo kuliko uzito, ndege inatoka mbele bila kasi ya kutosha, na meli inakuja nyuma yake. Rubani wa F/A-18 wakati huo hashiki hata usukani: mkono wa kulia unakamata mpini wa juu, asije akauvuta kwa mshtuko. Na mwezi Novemba 2021, F-35B ya HMS Queen Elizabeth ilitumbukia baharini ikijaribu kuruka kwa sababu kifuniko cha tundu la hewa ya injini kilisahauliwa ndani.

Wapo wanaouliza kwa nini wasitue majini tu. Wabelgiji walifanya hivyo ziwani Tanganyika mwaka 1916, ndege za maboya zilipokuja kuipiga bandari ya Kigoma ilipokuwa Graf von Götzen, Liemba ya leo. Hata wao walizificha kwenye maji yaliyokingwa upande wa Congo, maana boya halipendi wimbi.

Kuhusu ndege zisizo na rubani, jibu lilionekana 10 Julai 2013. X-47B ilinasa waya mara mbili juu ya USS George H.W. Bush bila mtu ndani. Jaribio la tatu kompyuta yake iligundua hitilafu, ikaacha kutua, ikaenda uwanja wa Wallops, Virginia. Siku ile nchi kavu ilikuwa karibu.