Kavu ya Mdomo Tu

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Nawaheshimu, lakini nadhani walikuwa wanazungumzia kibuyu. Wangeamshwa saa nane za usiku na mpira wa chini ya sinki uliopasuka, wangebadili kauli: yanazoleka, tena yasipozolewa upesi, ndani ya saa 24 hadi 48 kuvu inaanza kuhamia bila mkataba. Hebu tupige hesabu. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye maji ya kina cha sentimita 1 kina lita 160. Ndoo 8 za lita 20, na mgongo ni mmoja.

Hapo ndipo kila mtu anageuka mhandisi. Shemeji anaingia na ndala, anasimama katikati ya bwawa, mikono kiunoni: "Kwani maji yametoka wapi?" Shemeji, toka humo kwanza! Swali la kwanza ni umeme. Swichi kuu inazimwa kabla mguu haujalowa, na kama njia ya kuifikia inapita majini, huendi. Wanaitwa wenye kazi yao wakate kutoka nje. Ndipo koki kuu. Nayo ina tabia yake: haiguswi miaka na miaka, siku ya kuhitajika imeshikana kama ndoa ya zamani. Igeuzegeuze mara mbili kwa mwaka isisahau kazi iliyowekewa.

Maji yakitokea juu, dari huota tumbo. Watu wanalitazama kana kwamba litajifungua salama. Kila lita humo ni kilo moja, na ubao wa jipsamu ukilowa nguvu zake zinakwisha. Umeme ukishazimwa, weka ndoo, simama pembeni, toboa kwa bisibisi pale paliponing'inia zaidi. Kitundu kidogo ni afadhali kuliko dari zima kutua juu ya kochi.

Maji nayo yana vyeo. Ya bomba ni safi. Ya mashine ya kufulia yana shaka. Ya choo na ya mafuriko ni sumu: glovu, buti, na kila kilichofyonza kinatupwa bila mjadala. Halafu cheo hushuka: maji ya bomba yaliyolala siku mbili ndani ya zulia usiyaite ya bomba tena.

Sasa twende kwa jirani. Kila mtaa unaye huyu. Haleti ndoo wala tambara, analeta ushauri: "Washa feni tu, itakauka." Itakaukia wapi? Hewa ina tumbo dogo kuliko watu wanavyodhani. Kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, mita 1 ya ujazo ya hewa inabeba takribani gramu 17 za mvuke, basi, imeshiba. Kile chumba chetu, dari likiwa mita 3, kina mita 48 za ujazo. Hewa yote iliyomo haibebi hata lita 1! Zulia na sponji yake vimekunywa ndoo kadhaa. Kwa hiyo ukifunga mlango ukawasha feni, unayahamisha maji kutoka sakafuni kwenda kwenye pazia, nguo za kabatini na ukuta wa upande wa pili uliokuwa umekaa zake salama.

Ndiyo maana kabla ya feni kuna kusukuma, kunyonya na kukamua. Mpira wa kusukumia maji kwanza, halafu mashine ya kunyonya iliyotengenezwa kwa maji (ile ya vumbi iache, utapigwa shoti), halafu matambara. Kazi ya mikono inatoa kwa dakika kumi maji ambayo mashine ya kunyonya unyevu hewani ingehangaika nayo siku nzima.

Baada ya hapo chagua njia moja. Nje kukiwa kukavu, fungua madirisha ya pande mbili, feni moja ivute na nyingine itoe. Nje kukinyesha au hewa ikiwa nzito, funga kila kitu, washa mashine ya kunyonya unyevu, na feni zizungushe hewa ndani. Kuwasha mashine huku dirisha liko wazi ni kujaribu kuikausha mvua. Mpira wake wa kutolea maji uelekeze sinkini, maana chombo chake kikijaa inajizima yenyewe kimyakimya, wewe umelala unaota nyumba kavu. Feni zisitazame katikati ya chumba kama zinahutubia. Zilaze zipulize kwa pembe kufuata ukuta, moja kila mita 3 hadi 4. Unyevu wa hewa ushuke chini ya asilimia 50. Na jenereta au jiko la mkaa lisiingie ndani kwa kisingizio cha kuongeza joto: moshi wake una gesi inayoua, na gesi hiyo haina harufu.

Kwenye samani ndipo kilio kilipo. Mbao halisi ikivimba, ina utu, itarudi taratibu. Kabati la chipbodi halina aibu. Likishavimba miguuni limevimba moja kwa moja, hata ulibembeleze. Droo iliyokwama usiivute kwa hasira. Fungua ubao wa nyuma, uisukume kutoka huko. Miguu ya meza iwekee vipande vya plastiki au foili, la sivyo rangi na kutu vitaacha mihuri kwenye zulia. Zulia lililolowa maji safi linaokoleka likiwahiwa. Sponji ya chini yake usiililie. Godoro lililoloa hadi ndani, kwaheri. Picha na nyaraka zilizogandamana usizibandue: tia kwenye mfuko wa plastiki, weka kwenye friza, utashughulika nazo akili ikirudi. Sakafu ya mbao ikiinua kingo zake kama vigae vya paa, yupo atakayetaka kuipiga msasa siku hiyohiyo. Mzuie. Mbao ikikauka kingo zitashuka zenyewe, na kama umeshazikata, utabaki na matuta ya kudumu.

Ukuta ndio mnafiki mkubwa. Maji yalisimama sentimita 5, ukuta wenyewe umepanda nayo hadi magotini, kama utambi wa taa. Bandua mbao za chini ya ukuta. Nyuma yake utakuta unyevu umejificha. Ukuta wa jipsamu kata takribani sentimita 30 juu ya alama ya maji, toa na sufi iliyomo ndani, acha uwazi upumue. Ukuta wa tofali na plasta haukatwi, unasubiriwa wiki na wiki, na ukianza kutoa unga mweupe, hiyo ni chumvi. Piga brashi kavu. Ukiuosha, unairudisha ndani ikajipange upya.

Kuvu nayo ina waganga wake. Huyu analeta klorini, yule siki, wa tatu anataka vichanganywe "ili viwe vikali". Vitakuwa vikali kweli, kwa mapafu yako. Klorini haichanganywi na siki wala na dawa yenye amonia. Tena kwenye plasta na mbao klorini inafuta rangi ya kuvu tu, mizizi inabaki ndani inacheka. Iache kwa vigae na vitu visivyofyonza. Kilichofyonza kikaota, kikate ukitupe, umevaa barakoa.

Wiki ya pili mama mkwe anapitisha kiganja ukutani: "Mbona imekauka!" Mama, shikamoo, lakini kiganja si kipimo. Uso wa ukuta hukauka kwanza, unyevu wa ndani bado uko njiani. Kipima unyevu kiguse kwanza ukuta wa namna ileile katika chumba ambacho hakikuguswa na maji, ndiyo namba unayoitafuta. Mbao iliyo juu ya asilimia 16 bado inakudanganya. Sakafu ya zege ibandikie kipande cha plastiki cha sentimita 45 kwa 45, kingo zote nne kwa utepe, uache saa 16. Ukikuta matone chini yake au zege limekolea rangi, hakuna vigae, hakuna zulia, hakuna sherehe.

Shemeji huyo anarudi, safari hii na brashi na ndoo ya rangi ya mafuta, eti inaziba unyevu. Inauziba ndani, ndiyo, na baada ya muda ukuta unaota malengelenge kama mguu uliovaa kiatu kipya. Shemeji, karibu, weka hiyo ndoo kule. Hapana, si hapo, hapo nimebandika plastiki.