Kenya na vita vya Sudan: mpatanishi aliyeupa upande mmoja jukwaa

Februari 18, 2025, viongozi wa RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la Sudan, na washirika wao walikusanyika katika jumba la mikutano la KICC, Nairobi, kupanga namna ya kuunda serikali yao ya Sudan. Kabla ya mwezi huo kwisha walikuwa wametia saini hati ya muungano wao, na Machi 4 wakaongeza katiba ya mpito. Serikali ya Sudan inayoongozwa na jeshi haikuchelewa kujibu. Ilimwita nyumbani balozi wake, na Machi 13 ikasimamisha uagizaji wa bidhaa zote kutoka Kenya.

Serikali ya Kenya inasema ilifanya jambo ambalo imelifanya kwa miongo kadhaa, yaani kuwapa Wasudani mahali salama pa kuzungumza. Wakosoaji wanasema refa alivaa jezi ya timu moja. Nimezifuatilia hoja za pande zote mbili na sioni kwamba kuna upande usio na ukweli wowote. Kenya ilikuwa na kila sababu ya kuzungumza na RSF. Kuwapa ukumbi wa kutangazia dola ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo ninapoachana na serikali yetu.

Kwanza tukumbuke tunazungumzia nini. Vita vilianza Aprili 15, 2023 kati ya jeshi la Jenerali Abdel Fattah al-Burhan na RSF ya Mohamed Hamdan Dagalo, maarufu kama Hemedti. Wawili hao walishirikiana kuipindua serikali ya mpito Oktoba 2021, kisha wakakosana kuhusu jinsi RSF itakavyoingizwa jeshini na nani atamtii nani. Zaidi ya watu milioni 12 wameyakimbia makazi yao. Takriban nusu ya wananchi wamekuwa wakikabiliwa na uhaba mkubwa wa chakula, na Agosti 2024 wataalamu wa kimataifa walithibitisha kuwepo kwa baa la njaa katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Zamzam, karibu na mji wa El Fasher, Darfur, magharibi mwa nchi. Mazungumzo yoyote yanayofanyika Nairobi lazima yapimwe kwa watu hao: je, yanawasogezea unga na dawa, au yanawazidishia risasi?

Hoja ya serikali ina mizizi mirefu. Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi, ambaye pia ni Waziri wa Mambo ya Nje, alipoutetea mkutano wa KICC aliwakumbusha wakosoaji kuhusu Machakos. Julai 2002, chini ya usuluhishi wa Jenerali Lazaro Sumbeiywo, serikali ya Khartoum na SPLM, waasi wa kusini mwa Sudan, walikubaliana huko Machakos kwamba watu wa kusini watakuwa na haki ya kujiamulia hatima yao. Yakafuata mazungumzo marefu ya Naivasha, ambako kiongozi wa SPLM John Garang na Makamu wa Rais wa Sudan Ali Osman Taha waliketi ana kwa ana, na Januari 9, 2005 mkataba wa amani ukatiwa saini katika uwanja wa Nyayo. Vita vya zaidi ya miaka 20 vilivyokuwa vimeua takriban watu milioni 2 vikakoma. Hakuna nchi ya ukanda huu yenye sifa kama hiyo, na si haki kuizungumzia Kenya kana kwamba imeingilia mambo ya Sudan jana asubuhi.

Kisha kuna historia ya misaada, ambayo vijana wengi hawaijui. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulikubaliana na Khartoum pamoja na SPLA, jeshi la SPLM, kuanzisha operesheni kubwa ya kupeleka chakula maeneo ya vita, na kituo chake kikuu upande wetu kikawa Lokichoggio, mji mdogo wa Turkana. Ndege za mizigo zilipaa pale kila siku kwenda kudondosha magunia ya nafaka. Msalaba Mwekundu ukaendesha hospitali ya majeruhi wa vita katika kitongoji cha Lopiding. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana wa Sudan waliotembea mamia ya kilomita. Kenya haikuwa na fedha za kuwapa Wasudani. Ilichotoa ni ardhi, anga, barabara, na utulivu wa kutosha kuwawezesha wenye fedha kufanya kazi.

Watetezi wa serikali wana hoja nyingine nzito zaidi: jeshi la Sudan lenyewe ndilo lililofunga mlango. Juni 2023 IGAD, jumuiya ya nchi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, ilimteua Rais William Ruto kuongoza kamati ya viongozi wanne wa kusaka suluhu. Julai mwaka huo kamati ilipokutana Addis Ababa, ujumbe wa jeshi ulisusia kikao kwa madai kwamba Ruto anaipendelea RSF. Novemba Burhan alikuja Nairobi na matumaini yakachipuka. Januari 2024 Hemedti akapokelewa Ikulu, Sudan ikamwita balozi wake kwa mashauriano, na wiki chache baadaye ikasimamisha uanachama wake katika IGAD. Mtu anaweza kuuliza kwa haki: mpatanishi afanye nini ikiwa upande mmoja hautaki hata kuketi? Azungumze na walio tayari, au akae akisubiri huku watu wanakufa?

Zaidi ya hayo, Nairobi imewahifadhi raia wa Sudan ambao hawana pa kwenda. Wanaharakati, madaktari, wanahabari na wanasiasa wasio na bunduki wamekutana hapa bila kukamatwa. Mei 2024 aliyekuwa Waziri Mkuu Abdalla Hamdok alitia saini Nairobi tamko la pamoja na viongozi wawili wa waasi, Abdelaziz al-Hilu wa SPLM-N na Abdel Wahid al-Nur, kuhusu Sudan isiyotawaliwa na wanajeshi. Hilo lilikuwa jambo jema na sioni kwa nini mtu yeyote alilaumu.

Basi tatizo la KICC ni nini?

Turudi Machakos, kwa sababu serikali ndiyo iliyoitaja. Kule Khartoum ilikuwepo. Kila aya ya makubaliano ilisomwa, ikapingwa, ikaandikwa upya na pande zote mbili. Hata katika miaka ya 1990, SPLM ilipokuwa na viongozi wake wakiishi Nairobi na Khartoum ikilalamika, kongamano la kuunda utawala wa kiraia katika maeneo iliyoyateka lilifanyika Aprili 1994 huko Chukudum, ndani ya ardhi ya Sudan yenyewe. Kumpa kiongozi wa waasi hifadhi na kumpa jukwaa la kuzindulia serikali ni mambo mawili, na Kenya ya wakati ule iliweza kuyatenganisha.

KICC hakukuwa na upande wa pili. Hapakuwa na rasimu ya kusitisha mapigano wala ajenda ya kufungua njia za misaada kati ya wanaopigana. Kilichotoka ni mpango wa kuwa na serikali mbili katika nchi moja. Katibu katika Wizara ya Mambo ya Nje, Korir Sing'Oei, alikuja kueleza kwamba Kenya haitambui utawala wowote sambamba nchini Sudan, na ninaamini alimaanisha. Lakini kama huitambui serikali hiyo, ilikuwaje ukawapa nyumba ya kuiasisi? Agosti 30, 2025 Hemedti aliapishwa mjini Nyala kuwa mkuu wa serikali hiyo, wakati Umoja wa Afrika na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa walikuwa wameshaikataa. Mbegu yake ilipandwa katika ardhi yetu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba raia tuliowahifadhi ndio walioumizwa kwanza. Muungano wa kiraia wa Hamdok ulivunjika Februari 2025, siku chache kabla ya mkutano wa KICC, hasa kwa sababu ya swali hili la serikali sambamba. Hamdok na wenzake walikataa kujiunga na serikali ya wenye silaha, wengine wakaenda na RSF. Nairobi ilipofungua ukumbi, iliwapa nguvu wale waliochagua bunduki dhidi ya wale walioikataa. Kwa nchi inayosema inataka Sudan ya kiraia, hilo ni kosa kubwa kuliko kumuudhi Burhan.

Wakati nao ulikuwa mbaya. Januari 7, 2025 serikali ya Marekani ilikuwa imetangaza kwamba RSF na wanamgambo washirika wametenda mauaji ya kimbari Darfur, na kumwekea Hemedti vikwazo. Aprili, wiki chache baada ya Nairobi, RSF waliivamia Zamzam, kambi ileile ya njaa. Mamia waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia. Oktoba 26 wakauteka El Fasher baada ya kuuzingira kwa takriban miezi 18, na dunia ikaona picha za mauaji, yakiwemo ya wagonjwa hospitalini. Wala jeshi si malaika. Burhan naye aliwekewa vikwazo na Marekani Januari 16, 2025, ndege zake zimepiga masoko yaliyojaa watu, na serikali yake imetumia vibali kama silaha. Ndiyo maana sisemi Kenya ilipaswa kuegemea upande wa jeshi. Nasema haikupaswa kuegemea popote.

Suala hili la vibali linahitaji kuelezwa, maana ndipo diplomasia inapokutana na sahani ya mtu. Tuchukue lori la mtama lililoegeshwa Adré, mji wa Chad ulio mpakani na Darfur. Ng'ambo ya pili wanaotawala ni RSF. Lakini Umoja wa Mataifa unaitambua serikali ya jeshi, hivyo ruhusa ya kuvuka lazima itoke kwa tume yake ya misaada, zaidi ya kilomita elfu moja mashariki. Februari 2024 serikali hiyo iliifunga Adré ikidai inapitisha silaha, na kivuko kikafunguliwa tena Agosti. Lori likishavuka, kuna vizuizi vya RSF, ambao nao wana shirika lao la kusimamia misaada, lenye fomu zake na masharti yake. Dereva anahitaji kukubaliwa na mabwana wawili wasiosalimiana. Ukiwapa mabwana hao serikali mbili kamili, kila moja na mawaziri wake na mihuri yake, na kila muhuri ukawa ni suala la heshima ya dola, lori lile litazidi kukaa pale pale.

Hapo ndipo jirani anayeaminika na wote huokoa maisha, kwa kupiga simu mbili na kufungua njia moja. Lokichoggio ilifanya kazi kwa sababu Khartoum na SPLA waliikubali, ingawa haikuwa rahisi. Mwaka 1998 Khartoum ilipozuia ndege kwenda Bahr el Ghazal, njaa iliua maelfu. Leo serikali ya Sudan haipokei simu kutoka Nairobi kwa moyo mweupe. Juhudi kubwa za kusaka usitishaji wa mapigano zimehamia kwa Marekani, Saudi Arabia, Misri na Umoja wa Falme za Kiarabu, walioitisha Septemba 2025 mapumziko ya miezi mitatu kwa ajili ya misaada. IGAD imebaki pembeni.

Kuhusu Falme za Kiarabu, ni lazima kusema wazi kile kinachosemwa chini chini. Nchi hiyo inatuhumiwa na Sudan, na kutajwa katika ripoti nyingi za uchunguzi, kuwa mfadhili wa silaha za RSF. Yenyewe inakana, na kesi ya Sudan katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitupwa Mei 2025 kwa sababu mahakama haikuwa na mamlaka ya kuisikiliza. Kenya nayo ilitia saini mkataba mpana wa biashara na Abu Dhabi Januari 2025 na imekopa huko. Kukopa si dhambi, na ukaribu wa tarehe hautoshi kuwa ushahidi. Lakini mpatanishi mwenye deni kwa rafiki wa upande mmoja anapaswa kuwa mwangalifu mara mbili, na mwezi mmoja baadaye sisi tulifungua KICC. Kisha zikaja taarifa za masanduku ya risasi yenye maandishi ya Kenya kuonekana Sudan. Serikali ilikana kuhusika. Kukana peke yake hakutoshi. Bunge lilipaswa kupewa maelezo kuhusu nani alinunua risasi hizo na zilitokaje mikononi mwake.

Gharama ya nyumbani haiwezi kupuuzwa, ingawa mimi siipi uzito wa kwanza. Sudan imekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa chai yetu kwa miaka mingi. Marufuku ilipotangazwa, kulikuwa na makontena yaliyokwama Mombasa, na mengine yalikuwa yameshafika Port Sudan. Mkulima wa Kericho au Nyamira hakuulizwa kama KICC ifunguliwe. Hata hivyo, kama mkutano ule ungeleta amani, ningesema hasara ya chai ivumiliwe. Haukuleta.

Kenya bado ina la kufanya, na halihitaji idhini ya Burhan wala Hemedti. Wasudani waliokimbilia kwetu wanahitaji vitambulisho, vibali vya kazi na shule. Mgao wa chakula Kakuma ulikatwa vibaya mwaka 2025 baada ya wafadhili kupunguza fedha, na wakimbizi wakaandamana. Nchi inayojivunia Machakos ingeweza kuwa ya kwanza kuwadai wafadhili hao kwa sauti. Na kwa upande wa diplomasia, serikali iseme hadharani kwamba hakuna kundi lenye silaha litakalopewa tena ukumbi wa Kenya isipokuwa limekuja kuketi na adui yake, halafu imtume kwa serikali ya Sudan mtu mwenye heshima pande zote mbili, aende kusikiliza kabla ya kuzungumza.