Datsun ya Mjomba na tairi za matatu

Mjomba wangu ana Datsun 240Z, milango miwili, viti viwili, boneti ndefu kuliko sebule yangu. Aliinunua kwa sababu moja tu: Shekhar Mehta alishinda Safari Rally ya 1973 na gari kama hilo. Habari hiyo utapewa hata ukienda kumjulia hali hospitalini.

Tairi zilipoisha akanituma Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri Nairobi. Muuzaji wa kwanza akanitolea rimu za aloi, zinang'aa mpaka unajiona meno. Zitaingia kweli?

"Gari yako ina nati ngapi?"

Nne.

"Na hii ina matundu mangapi?"

Nne.

"Sasa?"

Sasa ni kwamba nati za Datsun zimepangwa kwenye duara la milimita 114.3, na rimu ile ilitoka kwa Toyota ndogo, milimita 100. Nati moja ikaingia, tatu zikabaki zinatutazama. Fundi akashika nyundo. Mimi nikamshika fundi.

Tukarudia rimu za zamani, inchi 14. Lakini tairi za gari la mbio za inchi 14, soko zima hakuna. Zilizokuwapo ni 185R14C, na hiyo C maana yake ni gari la kazi.

"Hizi zinabeba matatu na watu 14," muuzaji akasema. "Nyinyi mko wawili. Watazirithi wajukuu."

Mjomba kwa simu: "Funga!"

Kituo cha mafuta, nikiwa ndani nalipa, kijana wa upepo akasoma ubavu wa tairi, akaona psi 65, kikomo cha upepo tairi ikibeba mzigo mzima, akajaza 65. Gari lenyewe halifiki kilo 1,100 na linataka upepo chini ya 30.

Nikampitia Mjomba nyumbani. Tuta la kwanza lilinigongesha kichwa kwenye paa. La pili likafungua kidroo cha dashibodi, kikatema bisibisi na nusu pakiti ya biskuti ambayo sitaki kujua umri wake. Likiwa hewani, gari lile na usukani hawajuani kabisa.

Nikasimama kando, nikainama kwenye valvu. Fimbo ikagonga kioo.

"Unafanya nini?"

"Napunguza upepo, Mjomba."

Miwani yake ilikuwa imehamia sikio moja, na mzee anacheka kama mtoto.

"Wacha hivyo hivyo! Hii gari haijawahi kwenda Safari namna hii. Ingia. Na usipite lami, pita kule kwa machimbo."