Mizani 16 na mjomba mmoja

Kosa langu mimi ni moja tu, siku moja watu wanapiga stori nikajisifu kwamba enzi zangu Fasihi nilikuwa naichana. Dada yangu alikuwepo. Toka siku hiyo homuweki ya mpwa wangu haikai kwao, inakuja kwangu, tena inakuja saa tatu usiku na inatakiwa asubuhi, na ukimuuliza mwalimu kaitoa lini anaangalia juu kwenye dari anasema "wiki iliyopita."

Tulianza na riwaya. Swali linasema mwandishi amefanikiwa kimaudhui lakini fani imemshinda, jadili. Nikasema haya lete kitabu tujadili. Kitabu chenyewe kinaanza ukurasa wa 17, jalada hamna, na mwisho kimechanika pale pale mhusika mkuu anapofungua mlango, mpaka leo sijui alimkuta nani humo ndani na usingizi unanipaa. Namwambia dogo hatuwezi kujadili kitu hatujakisoma, akaniangalia kwa huruma kabisa, "mjomba we andika tu dhamira ni rushwa, mapenzi na ukombozi, muundo ni wa moja kwa moja, mhusika mkuu ni jasiri." Yaani anayo kichwani kama dozi ya kutwa mara tatu, kitabu chochote ukimpa anameza hiyo hiyo. Tukaandika hivyo. Kapata 14 kati ya 20! Halafu kuna aya moja niliiongeza mimi, ya akili zangu mwenyewe, nimeifikiria mpaka kichwa kinauma, ndo hiyo hiyo ikazungushiwa wino mwekundu pembeni imeandikwa "umetoa wapi?"

Tamathali za semi ndo zilinigombanisha na shemeji. Dogo hajui tofauti ya tashbihi na sitiari, nikasema ngoja nimpe mfano wa karibu aelewe, nikamwambia sikiliza, ukisema baba yako anatembea kama kobe hiyo tashbihi kwa sababu kuna "kama", ukiitoa hiyo "kama" ukasema baba yako ni kobe, hiyo sitiari. Akaelewa vizuri sana. Akaelewa mpaka akaenda kuirudia kwao mezani, wenzake wanakula, "mjomba kasema baba ni kobe." Wiki ya pili hii shemeji salamu yangu anaipokea kwa kukohoa.

Insha sina hata la kusema. Zote zinaanza ndege wanaimba na jua linachomoza, zote zinaisha kumbe nilikuwa naota.

Sasa juzi kaleta shairi. Watunge tarbia, ubeti mmoja tu, mishororo minne, kila mshororo mizani 16, yaani silabi 16, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) nane za utao (nusu ya pili), na vina vya kati na vya mwisho. Nikakunja mikono ya shati. Nikatoa mshororo wa kwanza papo hapo: "Nimekaa barazani, nasubiri mshahara." Dogo akahesabu kwa vidole akasema utao una saba. Nikamwambia nane, hiyo "m" ya mshahara inasimama yenyewe, m-sha-ha-ra, nne. Akasema basi na mbuzi ni tatu, m-bu-zi. Nikasema hapana, kwenye mbuzi "m" na "b" zinatoka pamoja, mbu-zi, mbili. Na mtu? M-tu, mbili. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo mjomba, mtu na mbuzi sawa?" Saa nne na nusu usiku hiyo, mi nina kazi kesho.

Nikaona bora nimfundishe inkisari, kwamba neno likizidisha mizani mshairi anaruhusiwa kulifinya, akadakia "kama wanavyofinya mshahara?" sijui kasikia wapi, kwangu hapo hapo labda.

Mshororo wa pili ukanishinda. Ukishaanza na mshahara umejifunga mwenyewe, tafuta neno linaloishia na -ara uone unachopata: hasara, fukara, madhara. Lugha nzima imekaa kikao ikakubaliana. Nikasema ngoja nikalale dakika tano akili ipoe, nikimwacha sebuleni anatafuna kalamu, nikaja kushtuka kumeshakucha na mwenyewe kaenda shule.

Jana karudi na daftari. Mshororo wangu umepigwa mstari, pembeni "umesaidiwa?", wa pili una vema kubwa ya wino mwekundu na neno "safi sana", nao unasema:

"Mjomba yuko chumbani, anahesabu hasara."

Nimeuhesabu mara tatu nikitafuta kosa, kwa vidole, kwa kalamu, kwa kugonga meza. 16.