Seli za Kinga Zitengenezwe Katika Hospitali Zetu

Agosti 2017 Marekani iliidhinisha Kymriah, ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa huko miongoni mwa tiba za CAR-T, yaani tiba za saratani zinazotumia seli za kinga za mgonjwa mwenyewe zilizobadilishwa jeni, na bei yake ikatangazwa kuwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Bei hiyo imewafanya wengi Afrika Mashariki waiweke tiba hii katika kundi la mambo yasiyotuhusu. Mimi naona kwamba bei ile inatokana, kwa sehemu kubwa, na nani anaitengeneza na wapi, na kwamba nchi zetu zina kila sababu ya kuanza sasa kujiandaa kuitengeneza katika hospitali za umma.

Katika tiba hii mgonjwa hutolewa damu, ikapitishwa kwenye mashine inayobakiza seli nyeupe na kumrudishia sehemu nyingine. Kati ya seli hizo huchukuliwa seli T, ambazo kazi yake ya kawaida ni kuua seli zilizoambukizwa au kuharibika, na maabarani huingizwa jeni inayozifanya ziwe na kipokezi cha kubuniwa, chenye kutambua alama fulani iliyo juu ya seli ya saratani. Kwa saratani nyingi zinazoanzia kwenye seli B, aina nyingine ya seli nyeupe za kinga, alama inayolengwa huitwa CD19. Seli hizo huzalishwa mpaka zifike mamilioni, kisha mgonjwa hurudishiwa kwa dripu, baada ya kupewa dawa za kupunguza seli zake nyingine za kinga ili hizi mpya zipate nafasi. Jambo linalonigusa kila ninapolifikiria ni kwamba kibebeo cha jeni katika Kymriah kimetengenezwa kutokana na virusi vya UKIMWI vilivyoondolewa uwezo wa kuzaliana. Virusi vilivyotufanya tuzike ndugu wengi sasa vinabebeshwa tiba.

Emily Whitehead alikuwa na miaka 6 alipopewa seli hizi mjini Philadelphia, Aprili 2012, baada ya lukemia yake, yaani saratani ya damu, kurudi mara mbili licha ya dawa. Alikaribia kufa. Seli zilipoanza kuishambulia saratani, mwili wake ulifurika saitokini, yaani kemikali ambazo seli za kinga hutumia kuitana, akapata homa kali na kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia. Vipimo vilionesha kwamba mojawapo ya kemikali hizo, interleukini-6, ilikuwa imepanda kupita kiasi. Carl June, aliyeongoza utafiti huo, aliifahamu dawa ya kuizuia kwa sababu binti yake mwenyewe aliugua baridi yabisi ya watoto, na dawa hiyo, tosilizumabu, ilimtuliza Emily ndani ya saa chache. Zaidi ya miaka 10 baadaye saratani yake ilikuwa haijarudi. Ninalieleza tukio hili kwa kirefu kwa sababu linaonesha kwamba maabara peke yake haitoshi: bila chumba cha wagonjwa mahututi kilicho tayari usiku na mchana, na dawa iliyopo kabatini, mtoto yule asingepona.

Kuhusu bei, wapo waliokwisha kuonesha njia. Hospital Clínic ya Barcelona ilitengeneza seli zake ndani ya hospitali yenyewe, na mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Hispania ikaziruhusu kwa takriban theluthi moja ya bei ya makampuni. Oktoba 2023 India iliidhinisha NexCAR19, iliyotokana na kazi ya chuo cha IIT Bombay, mjini Mumbai, pamoja na hospitali ya saratani ya Tata Memorial, kwa takriban moja ya kumi ya bei ya Marekani. Bado ni fedha nyingi mno kwa mkulima wa Sengerema, lakini ni kiasi ambacho serikali na mifuko ya bima inaweza kukaa mezani ikakijadili.

Kuna hoja nzito dhidi yangu, nayo inatoka hapa hapa kwetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto, na sampuli zilizopelekwa London kutoka Uganda ndizo zilizowezesha kugunduliwa kwa virusi vya Epstein-Barr, vinavyohusishwa na uvimbe huo, mwaka 1964. Uvimbe huo, ambao leo huitwa limfoma ya Burkitt, yaani aina ya saratani ya seli za kinga, hutibika kwa dawa za bei nafuu iwapo mtoto atafikishwa hospitali mapema na kumaliza dozi zake, na wengi hawafikishwi. Mtu akiuliza kwa nini tufikirie jeni wakati nauli ya basi haijapatikana, ana haki ya kuuliza. Hata hivyo, mtoto ambaye ugonjwa wake umerudi baada ya dawa hana karibu chochote kinachomsubiri, ilhali limfoma hiyo ni ya seli B na hubeba CD19. Tena vitu vinavyohitajika kwa CAR-T, yaani wataalamu wa patholojia, damu salama ya kutosha na wauguzi waliobobea, ndivyo vinavyomwokoa pia anayetumia dawa za kawaida.

Isidhaniwe kwamba tiba hii ni ya kila saratani. Kwa saratani ya titi, ya shingo ya kizazi au ya tezi dume, ambazo ndizo zinazojaza wodi zetu, mafanikio yake bado ni madogo, na yeyote atakayewauzia wagonjwa hao matumaini ya haraka anawadhulumu. Mwaka 2024 Marekani iliagiza pia onyo liwekwe kuhusu uwezekano wa kupata saratani nyingine ya seli T baada ya matibabu. Kwa upande mwingine, watafiti wa Erlangen, Ujerumani, walichapisha mwaka 2022 matokeo ya wagonjwa 5 waliopewa seli za CAR-T kwa ajili ya lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe, ambao ugonjwa wao ulitulia hata wakaacha dawa, na lupasi huwaandama zaidi wanawake wenye asili ya Afrika.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekwisha kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, kwa hiyo ujuzi wa kuvuna seli na kumlinda mgonjwa aliyepungukiwa kinga si mgeni kwetu. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, imeteuliwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki kuwa kituo cha umahiri wa saratani. Ningependa kituo hicho kipewe maabara ya kutengeneza seli kwa ajili ya nchi zote wanachama, wataalamu wetu wapelekwe Barcelona na Mumbai kujifunza, mamlaka zetu za dawa ziandike pamoja kanuni za dawa zinazotokana na seli hai, na majaribio ya kwanza yawe ya watoto ambao limfoma yao imerudi.