Skrini Isichukue Nafasi ya Kuonana na Mahabusu

Katika kaunti nyingi za Marekani, mama anayekwenda kumwona mwanawe jela hamtii machoni. Huketishwa mbele ya skrini kwenye jengo lilelile alimofungiwa mwanawe, au huambiwa arudi nyumbani apige simu ya video, kwa kulipia. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa magereza ya Prison Policy Initiative ilibaini kuwa asilimia 74 ya jela zilizoanza kutumia video zilikuwa zimefuta ziara za ana kwa ana. Mikataba ya Securus, kampuni inayoziuzia jela huduma za simu na video, ilikuwa na kifungu kilichozitaka jela zifanye hivyo, na kampuni ilikiondoa mwaka huohuo baada ya kulaumiwa sana.

Wanaoitetea video wasipuuzwe. Bibi mgonjwa asiyeweza kusafiri, baba anayefanya kazi za zamu, ndugu aliye Mombasa asiye na viza: kwa hawa, skrini ni heri. Wakuu wa jela nao wana shida ya kweli ya upungufu wa askari. Kila ziara inahitaji mtu wa kumpekua mgeni, na mwingine wa kumtoa mahabusu selo na kumrudisha. Askari wanapokuwa hawatoshi, jambo la kwanza kuachwa huwa ni ziara.

Hoja kwamba wageni huingiza magendo ndiyo isiyonishawishi. Katika jela nyingi za kaunti, mgeni na mahabusu hutenganishwa na kioo, wakizungumza kwa simu iliyofungwa ukutani. Dawa za kulevya hazipenyi kioo.

Upande wa pili kuna utafiti wa Idara ya Magereza ya jimbo la Minnesota wa mwaka 2011, uliofuatilia wafungwa zaidi ya 16,000 walioachiwa kati ya 2003 na 2007. Waliotembelewa walikuwa na uwezekano mdogo zaidi, kwa asilimia 13, wa kutiwa hatiani tena kwa kosa kubwa. Ni kweli kwamba mwenye familia inayomjali huenda angenyooka hata bila ziara, na watafiti walijitahidi kuzingatia tofauti za namna hiyo. Lakini hata anayeutilia shaka utafiti huo hana sababu ya kuwanyima watu kitu ambacho hakijaonekana kudhuru.

Kinachoniumiza zaidi ni nani anayenyimwa. Jela za kaunti zimejaa watu ambao kesi zao hazijaamuliwa, wengi wakiwa ndani kwa kukosa dhamana. Mfungwa aliyehukumiwa kifungo kirefu katika gereza la jimbo kwa kawaida huonana na mkewe chumba kimoja. Asiye na hatia machoni pa sheria anaambulia picha inayokatakata.

Kisha kuna fedha. Mwezi Machi 2024 familia katika kaunti za Genesee na St. Clair, jimboni Michigan, zilifungua kesi zikidai ziara zilifutwa ili kaunti na kampuni za simu zigawane mapato ya simu na video. Mahakama ndizo za kuamua kama madai hayo ni kweli. Ila mpango wowote unaomlipa mlinzi wa mlango kila mlango unapofungwa ni mpango mbovu, hata mlinzi awe mwadilifu.

Ndiyo maana sheria inahitajika. Texas mwaka 2015 iliagiza ziara mbili za ana kwa ana kwa wiki, zisizopungua dakika 20 kila moja, lakini ikazisamehe kaunti zilizokwisha kugharimia mitambo ya video. California nayo mwaka 2017 ilizilinda ziara na kuacha mwanya wa aina hiyo. Huruma hiyo imewaendea waliotangulia kuzifuta. Kanuni za Nelson Mandela za Umoja wa Mataifa, zinazohusu namna ya kuwatendea wafungwa, katika kanuni ya 58, zinataja mawasiliano ya kielektroniki pamoja na ziara, wala haziruhusu kimoja kikifute kingine.

Mimi ningeiacha video ibaki, kwa bei nafuu, na uamuzi wa kuitumia uwe wa familia. Kaunti yenye askari wachache ipunguze saa za ziara, isizifute. Ile iliyojenga jela bila chumba cha wageni ipewe muda wa kukijenga, na tarehe ya mwisho iandikwe ndani ya sheria yenyewe.